Leza ya kupima ngozi haichomi, na sio eksirei

Watu wakisikia leza inapigwa kwenye ngozi wanajua basi hapo ni kuungua, au ni mionzi kama ya eksirei, hapana jamani. Kipimo chenyewe kinaitwa fotoakustika: unaingiza mwanga, unasikiliza sauti. Mashine inapiga mapigo ya mwanga mafupi mno, ya nanosekunde, damu iliyo chini ya ngozi inaunyonya mwanga, inapata joto kidogo sana hata digrii moja haifiki, inatanuka ghafla na huo mtikisiko unatoka kama sauti ambayo sikio halisikii ila kihisio cha altrasaundi kilichopakwa jeli kinaidaka, na kutokana na sauti hiyo inachorwa picha ya ndani ya ngozi.

Sasa mbona wasitumie mwanga tu? Kwa sababu mwanga ndani ya ngozi unatawanyika hovyo, picha inakua ukungu, sauti haitawanyiki kihivyo. Kanuni yenyewe ya zamani, Alexander Graham Bell (ndio, huyu huyu wa simu) aliigundua 1880.

Watafiti wa Munich, Ujerumani, mwaka 2017 walionyesha ngozi yenye soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba) kwa njia hii, vimishipa vya damu vimerefuka na kupanda juu karibu na uso wa ngozi, na hakuna aliyekatwa ngozi wala kuchomwa sindano ya dawa ya rangi.

Ila melanini, ile inayoipa ngozi rangi yake, nayo inanyonya mwanga, kwahiyo kwa sisi weusi mwingi unaishia juu na mwanga unaofika chini unapungua, ukiambiwa mashine imejaribiwa kwa ngozi nyeupe tu, uliza maswali.