Popi za Mojave: usiamini petali

Ukiniletea ua la popi lililochumwa katika jangwa la Mojave, California, uniulize ni la spishi gani, petali nitazitazama mwisho. Ndizo zinazovuta jicho, na ndizo zinazodanganya. Mvua zikikolea, mmea hunawiri na kutoa ua kubwa. Ukame ukibana, mmea wa aina ileile hutoa kiua kidogo tu. Mwaka 1905 mtaalamu wa mimea Edward Greene aliigawa jenasi ya Eschscholzia, yaani kundi la popi hizi, katika spishi zaidi ya 100. Leo tunazikubali kama 12 hivi.

Mimi huanzia chini ya petali. Popi maarufu ya California, E. californica, kwa kawaida ina ukingo uliotanda kama kisahani pale petali zinaposhikia. E. minutiflora ya jangwani haina. Halafu majani: yakiwa yote shinani, na kila kikonyo kimebeba ua moja, nashuku E. glyptosperma. Hapo mbegu humaliza ubishi, kwa kuwa zake zina vishimo na za minutiflora zina mistari iliyoungana mithili ya wavu.

Kazi ngumu imo ndani ya minutiflora yenyewe, yenye nususpishi tatu, yaani vikundi vidogo ndani ya spishi moja: minutiflora halisi, covillei na twisselmannii. Petali za minutiflora halisi hufika milimita 3 hadi 10, za covillei 6 hadi 18, za twisselmannii 10 hadi 26. Sasa ua la milimita 12 utaliweka wapi? Ukilipata kwenye milima ya El Paso au Rand, huenda ni twisselmannii, ile adimu (imepewa jina la Ernest Twisselmann, mfugaji aliyeijua mimea ya Kern, kaunti ya California, kuliko wasomi wengi). Lakini mahali si ushahidi. Ushahidi uko kwenye kromosomu, nyuzi za urithi ndani ya seli: 12 kwa twisselmannii, 24 kwa covillei, 36 kwa minutiflora halisi. Ili kuzihesabu unahitaji matumba machanga, yahifadhiwe kwenye alkoholi na asidi ya siki yangali mabichi, kisha yatiwe rangi na kupondwa chini ya kioo cha hadubini.

Wapo wanaosema tofauti hiyo inatosha kuzifanya spishi tatu, kwani chotara wa 12 na 24 kwa kawaida huwa tasa. Hoja ina uzito. Hata hivyo mimi nabaki na nususpishi: sampuli nyingi za hebariamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, zimekauka zamani, hazihesabiki tena, na lebo iliyoishia “E. minutiflora” ni ya kweli kuliko jina refu la kubahatisha. Kwa hiyo wanaokusanya, wekeni pia matunda yaliyokomaa na matumba machache kwenye chupa.