Namna ya kusoma vitabu vya nakala za barua za Samuel Gompers

Samuel Gompers, msokota sigara mzaliwa wa London, aliongoza Shirikisho la Wafanyakazi la Marekani (AFL) tangu 1886 hadi alipofariki Desemba 1924, isipokuwa mwaka 1895. Barua alizotuma zimo katika vitabu vya nakala vilivyohifadhiwa Maktaba ya Bunge, Washington. Kabla ya kunukuu hata mstari mmoja, fahamu kwanza nakala hizo zilivyotengenezwa.

Karatasi za kitabu ni nyembamba mno, zinapitisha mwanga. Barua ya wino wa kunakilia ililazwa chini ya ukurasa uliolowanishwa, kisha kitabu kikabanwa kwa mashine ya chuma. Wino ulishika mgongo wa ukurasa ukiwa kinyume, nasi tunausoma upande wa mbele. Maji yalipozidi, herufi zilivujiana. Yalipopungua, nakala ilitoka hafifu. Ukishika kitabu chenyewe, omba ruhusa ya kuweka karatasi nyeupe nyuma ya ukurasa ili maandishi ya ukurasa unaofuata yasijitokeze.

Wino wa matbaa hauyeyuki kwa maji, kwa hiyo kichwa cha barua kilichochapwa hakionekani kwenye nakala. Viambatisho navyo havimo, wala maneno yaliyoongezwa kwa kalamu baada ya kunakili. Ndiyo sababu barua halisi ikipatikana huwa na uzito zaidi.

Tatizo kubwa ni kwamba tunasikia upande mmoja tu. Hata hivyo, majibu ya zama zile kwa kawaida huanza kwa kutaja tarehe na hoja za barua iliyopokelewa. Zinakili zote. Ukiona “inst.” ni mwezi uleule wa barua, “ult.” ni mwezi uliotangulia. Wengi hukosea hapo, mfuatano mzima wa matukio ukapinduka.

Faharasa hufuata majina ya walioandikiwa, haifuati mada. Ukichunguza kesi ya kampuni ya majiko ya Buck's Stove and Range, ambayo AFL iliisusia licha ya zuio la mahakama, kesi ambayo mwaka 1908 ilimletea Gompers hukumu ya mwaka mmoja jela, iliyotenguliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1911, tafuta majina: Frank Morrison, katibu wa AFL, John Mitchell, makamu wa rais wa AFL aliyehukumiwa pamoja na Gompers na Morrison, na wakili Alton Parker. Kisha nenda kwenye nyaraka za Mitchell, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani, mjini humohumo Washington, ulinganishe tarehe kwa tarehe.