Basi Jekundu Haliifanyi Epsom Kuwa London

Nimechoka kulisahihisha jambo hili, lakini kwa kuwa linawatia watu hasara nalirudia: Epsom, mji wa Uingereza ulio jirani na London, haimo London. Iko katika kaunti ya Surrey.

Kosa linakotoka napaelewa. Mabasi mekundu namba 406 na 418 yanatoka Kingston hadi Epsom. Kadi ya Oyster, ile ya kulipia usafiri wa London, inakubalika stesheni. Hadi Aprili 2000 hata polisi wa huko walikuwa wa London. Halafu kuna msimbo wa posta, KT, yaani Kingston, na Kingston imo London tangu 1965. Hapo ndipo watu wanapopotea. Msimbo wa posta ulibuniwa kupanga barua. Mipaka ya utawala hauijui. KT4 ya Worcester Park imelalia pande mbili: sehemu yake ni Sutton, ambayo ni London, na sehemu ni Epsom and Ewell, manispaa inayoongoza Epsom, ambayo siyo. Ukitaka kujua uko wapi, soma jina la halmashauri juu ya bili yako ya kodi ya halmashauri, ile wengi wanayoiita kaunsili taksi. Usisome kitu kingine.

Tofauti inaonekana mfukoni. Tangu 29 Agosti 2023 ada ya moshi wa magari inatozwa London nzima. Gari kuukuu la dizeli likizunguka Epsom halidaiwi. Likivuka kuingia Sutton linadaiwa pauni 12.50 kwa siku. Kwa upande mwingine, mkazi wa London akifika miaka 60 anaweza kupata kadi ya kusafiri bure. Jirani yake wa Epsom anasubiri umri wa pensheni ya serikali, na anachopata ni kadi ya mabasi tu.

Mpaka huu ni uamuzi wa kisiasa. Reli ilifika Epsom 1847, lakini kilichoujaza mji nyumba hasa ni miaka ya 1930. Stesheni ya Stoneleigh ilifunguliwa 1932 na mashamba ya jirani yakageuka mitaa. Epsom na Ewell zikaunganishwa, na 1937 zikapata hadhi ya manispaa. Mwaka 1960 tume ya Herbert, iliyochunguza utawala wa London, ilipendekeza eneo hili liingizwe London Kuu. Upinzani ukawa mkali, na sheria ya 1963 ikaliacha nje. Kingston ikaenda London huku makao makuu ya Kaunti ya Surrey yakiwa humo humo Kingston, hivyo kwa zaidi ya miaka 50 kaunti iliongozwa kutoka jengo lililo nje ya mipaka yake. Je, kubaki nje kulikuwa na faida? Wenyeji wengi wanaapa kwamba ndiyo. Mimi nina shaka: jibu la mwenye gari kuukuu si jibu la mzee anayetegemea treni.

Sasa tuje kwenye linaloniudhi zaidi: "Manispaa inakula kodi yangu yote na mashimo ya barabara haizibi." Manispaa ndiyo inayokusanya, lakini takriban robo tatu ya fedha hizo huenda Kaunti ya Surrey, sehemu nyingine huenda polisi, na manispaa hubakiwa na takriban sehemu moja ya kumi. Mashimo ni ya kaunti. Taa za barabarani ni za kaunti. Kufagia barabara hiyo hiyo ni kazi ya manispaa. Pipa lako linamwagwa na manispaa, lakini gharama ya kuteketeza au kufukia taka ni ya kaunti, na kituo cha kupeleka taka kilichopo Blenheim Road ni cha kaunti pia. Shule, maktaba na ustawi wa jamii: kaunti. Kibali cha kuongeza chumba na msaada kwa aliyekosa makazi: manispaa.

Wanaoumia zaidi ni familia zenye mgonjwa anayehitaji bafu la chini au njia ya kiti cha magurudumu. Tathmini ya mahitaji hufanywa na watu wa ustawi wa jamii wa kaunti. Ruzuku ya kujengea hutolewa na manispaa. Ukiomba upande mmoja tu, ombi linakwama katikati na hakuna anayekosea kisheria. Anza na tathmini, omba nakala ya maandishi, kisha uipeleke manispaa mwenyewe. Kosa jingine ni kuilaumu manispaa kwa daraja la kodi, yaani kundi la thamani ambalo nyumba yako imewekwa. Daraja hupangwa na wathamini wa serikali kuu, kwa bei za Aprili 1991. Lakini punguzo la asilimia 25 kwa anayeishi peke yake huombwa manispaa.

Meya msimwandikie kuhusu mashimo. Huchaguliwa na madiwani, kama ilivyo Tanzania, ila kwa mwaka mmoja, na kazi yake ni ya heshima. Maamuzi hufanywa na kamati za madiwani, na tangu 1937 walio wengi ni wa vyama vya wakazi, si vya kitaifa. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda anayeishi huko kihalali ana haki ya kupiga kura kwa sababu ya Jumuiya ya Madola. Ajiandikishe kupitia manispaa.

Yote haya yana mwisho. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kwamba Surrey itagawanywa katika halmashauri mbili, na Epsom and Ewell itaingia Surrey Mashariki, iliyopangwa kuanza kazi Aprili 2027. Hapo shimo na pipa vitakuwa na mwenyewe mmoja. London bado itaanzia Sutton.