Litografia ya Kale ya Uwanja wa Vita: Maana Yake na Namna ya Kuisoma

Litografia ni picha au maandishi yaliyochapwa kwenye karatasi kutoka kwenye uso wa jiwe bapa, kwa njia inayotegemea jambo ambalo kila aliyewahi kuosha chombo chenye mafuta analijua: mafuta na maji hayapatani. Jina limetoka katika Kigiriki, ambamo lithos ni jiwe na graphein ni kuandika au kuchora. Neno hili hutumika kwa ufundi wenyewe na pia kwa karatasi inayotokana na ufundi huo. Inapoitwa litografia ya kale, hukusudiwa karatasi iliyochapwa zamani kutoka kwenye jiwe halisi, na kwa desturi ya wauzaji na wakusanyaji umri wake huwa miaka 100 au zaidi. Picha ile ile ikipigwa foto na kuchapwa upya kwa mtambo wa leo huwa imebaki na sura tu ya ile ya kwanza, hata ikitiwa rangi ya manjano ili ionekane kuukuu.

Miongoni mwa litografia za kale, zile zinazoonyesha uwanja wa vita pamoja na mnara wake wa kumbukumbu zinahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa ndizo zinazosomwa vibaya mara nyingi zaidi. Mtu huona jina la vita chini ya picha akadhani anatazama vita. Akiangalia kwa utulivu hataona moshi wa mizinga wala vikosi vilivyojipanga. Ataona mashamba, barabara, labda mkulima au wasafiri wawili watatu waliosimama, na katikati yao jengo au sanamu ambayo siku ya mapigano haikuwapo. Picha hiyo inaonyesha mahali palivyokuwa baada ya watu kuanza kupakumbuka. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa thamani yake, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Waterloo, kusini mwa Brussels, ambako tarehe 18 Juni 1815 Napoleon alishindwa na jeshi la Duke wa Wellington, jenerali wa Uingereza, na washirika wake, wakisaidiwa na Waprusia wa jenerali Blücher waliofika alasiri.

Kabla ya kufika Waterloo inafaa kueleza jiwe. Aliyevumbua ufundi huu ni Alois Senefelder, aliyezaliwa Prague mwaka 1771 na kufanya kazi Munich. Alikuwa mwandishi wa tamthilia aliyetaka kuchapa kazi zake mwenyewe bila kulipa gharama za mabamba ya shaba, na katika miaka ya mwisho ya karne ya 18 alianza kufanya majaribio kwa mawe. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja mama yake alihitaji orodha ya nguo za kupelekwa kwa dobi, na kwa kukosa karatasi akaiandika juu ya jiwe kwa wino wenye nta. Majaribio yaliyofuata ndiyo yaliyomfikisha kwenye uchapaji wa kutumia mafuta na maji.

Jiwe linalofaa ni jiwe la chokaa lenye chembe laini sana, na lililosifika zaidi lilichimbwa Solnhofen, katika Bavaria. Uso wake husuguliwa kwa mchanga na maji mpaka usawazike, kisha mchoraji huchora juu yake kwa kalamu au wino wenye mafuta, akichora kila kitu kinyume, kushoto kuwa kulia, kwa sababu karatasi itakapolazwa juu ya jiwe itaigeuza picha. Baada ya hapo jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyotiwa kiasi kidogo cha asidi ya nitriki, ambayo huyafanya mafuta ya mchoro yashike na sehemu zisizochorwa zipende maji. Jiwe hulowanishwa na maji hukaa pale tu pasipo na mchoro. Rola yenye wino wa mafuta ikipitishwa, wino hukataa sehemu zenye maji na kushika kwenye mchoro. Karatasi hulazwa juu, jiwe na karatasi hupitishwa kwenye shinikizo, na nakala moja imepatikana. Kazi hurudiwa tangu kulowanisha kwa kila nakala.

Hakuna kilichochongwa. Katika bamba la shaba wino hukaa ndani ya mifereji iliyochimbwa, na kila nakala inayotolewa hulichakaza bamba kidogo. Katika litografia mchoro uko sawasawa na uso wa jiwe, mchoraji anaweza kuuchora kwa mkono wake bila kumpitia mchongaji, na nakala nyingi zaidi hupatikana kwa gharama ndogo. Kazi ikiisha, jiwe husuguliwa tena na kupewa mchoro mwingine, na ndiyo maana mawe machache tu yamebaki na michoro yake.

Ufundi huu ulienea Ulaya katika miaka ile ile ambayo vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha na wasafiri wakaanza kumiminika kwenye viwanja vyake. Msafiri aliyefika Waterloo alitaka kurudi kwao na picha, na uchapaji wa jiwe ulimwezesha kuipata kwa bei ambayo si matajiri peke yao waliyoweza kuimudu. Huko Brussels, Marcellin Jobard, mtu aliyezaliwa Ufaransa, alifungua karakana ya litografia, na miongoni mwa picha zilizotoka katika karakana hiyo zimo zinazoonyesha mnara wa Waterloo ukiwa bado unajengwa.

Mnara huo ni Kilima cha Simba. Uliamriwa na Willem wa Kwanza, mfalme wa Uholanzi, ambaye wakati ule alitawala pia nchi tunayoiita leo Ubelgiji, ili kutia alama mahali ambapo mwanawe, Mwanamfalme wa Orange, aliaminika kujeruhiwa begani. Amri ilitolewa mwaka 1820 na kazi ikamalizika 1826. Ni kilima cha udongo kilichorundikwa kwa mikono ya watu, chenye umbo la pia iliyokatwa ncha na kimo cha takriban mita 40, na mtu hukipanda kwa ngazi 226. Juu yake amesimama simba wa chuma, aliyebuniwa na mchongaji Jean-Louis Van Geel na kusubiwa vipande vipande katika kiwanda cha Cockerill karibu na Liège, mguu mmoja wa mbele ukiwa juu ya tufe na uso ukielekea Ufaransa. Husemwa mara nyingi kwamba alisubiwa kwa mizinga iliyotekwa vitani. Hadithi hiyo inavutia, lakini mizinga ya enzi ile ilikuwa ya shaba nyeusi na simba ni wa chuma.

Udongo wa kilima hicho ulichukuliwa hapo hapo uwanjani, na hapa ndipo litografia inapoacha kuwa pambo na kuwa ushahidi. Mbinu ya Wellington siku ile ilikuwa kuwaweka askari wengi nyuma ya mgongo wa ardhi, upande usioonekana na Wafaransa, ili mizinga ya Napoleon isiwafikie kwa urahisi. Juu ya mgongo huo ilipita barabara iliyokuwa imezama kati ya kingo za udongo. Wajenzi wa kilima walipochota udongo walizikwangua kingo hizo na kuushusha mgongo wenyewe, hasa upande wa kusini wa barabara. Inasimuliwa kwamba Wellington alipouona uwanja tena alilalamika kuwa wamemharibia uwanja wake wa vita. Awe alisema hivyo au hakusema, jambo lenyewe ni kweli: mtu anayesimama pale leo hawezi kuona kwa urahisi ni kwa nini jeshi lilijificha pale, kwa sababu sehemu ya maficho imepandishwa juu na kuwekewa simba. Sioni mfano ulio wazi zaidi wa mnara uliokula kile ulichojengwa kukikumbusha.

Kwa hiyo anayetaka kuisoma litografia ya Waterloo aanze kwa kujiuliza ni vitu gani vimo ndani yake na vipi havimo. Kilima kikiwa kamili na simba yuko juu, mchoro hauwezi kuwa umechorwa mahali hapo kabla ya 1826. Kilima kikiwa nusu, na watu wenye vikapu na mikokoteni wakiwa mitelemkoni, tumo kati ya 1820 na 1826. Kukiwa na mnara wa Gordon, msaidizi wa Wellington aliyeuawa katika vita hivyo, uliowekwa mwaka 1817, na ule wa Wahanover, Wajerumani waliopigana upande wa Wellington, uliowekwa 1818, bila kilima, basi tumepata mtazamo wa ardhi kabla haijachotwa, na karatasi ya namna hiyo ningeithamini kuliko nyingine iliyo nzuri mara mbili zaidi. Mti wa mwelmi ambao Wellington alikaa karibu nao siku ya vita nao ni kipimo kizuri: wageni waliubandua magome na matawi wakiyatafuta kama kumbukumbu, na mwaka 1818 ukanunuliwa na Mwingereza mmoja na kukatwa, mbao zake zikatumika, pamoja na mambo mengine, kutengeneza kiti cha mfalme wa Uingereza. Na kama chini ya kilima kuna jengo la mviringo, hilo ni jengo la panorama, yaani la picha kubwa ya vita inayowazunguka watazamaji, lililofunguliwa mwaka 1912, kwa hiyo mchoro hauwezi kuwa wa karne ya 19 hata kama muuzaji anasema hivyo.

Hata hivyo, tarehe ya mandhari haitoshi kuwa tarehe ya karatasi. Mchoraji aliyekuwa mbali angeweza kunakili picha ya mwenzake iliyotangulia, na mandhari ya 1817 ikachapwa miaka mingi baadaye. Hapo husaidia maandishi madogo yaliyo chini ya picha. Neno la Kilatini "delineavit", ambalo mara nyingi hufupishwa "del.", humtaja aliyechora, "lith." humtaja aliyechora juu ya jiwe au karakana iliyochapa, na maneno ya Kifaransa "d'après nature" hudai kwamba mchoraji alikuwapo mahali penyewe. Anwani ya karakana nayo hufaa, kwa kuwa karakana zilihama na kubadilisha majina.

Kuhakikisha kwamba ni litografia kweli hakuhitaji zaidi ya kioo cha kukuzia. Mistari ya kalamu ya mafuta juu ya jiwe huonekana kama chembechembe zisizo na mpangilio, sawa na mstari wa penseli kwenye karatasi ya kukwaruza. Nakala iliyotoka kwenye foto huonyesha vitone vilivyojipanga safu kwa safu. Kwenye chapa ya bamba la shaba mistari ni mikali, na pembeni mara nyingi pana alama ya ukingo wa bamba lililokandamiza karatasi, alama ambayo litografia haina. Rangi nazo zinasema: litografia nyingi za mwanzo zilichapwa kwa wino mweusi na kupakwa rangi za maji kwa mkono, hivyo rangi huvuka mstari hapa na pale, ilhali uchapaji wa rangi kwa kutumia jiwe moja kwa kila rangi ulipata nguvu baada ya Godefroy Engelmann kusajili njia yake Ufaransa mwaka 1837.

Mnara wa Gordon ungali pale pale ulipowekwa. Waliochota udongo waliuacha na ardhi yake, kwa hiyo leo uko juu ya kituta na mgeni huufikia kwa ngazi. Mguu wa mnara huo uko kwenye kimo cha zamani cha ukingo. Mwenye litografia ya miaka ile ya kwanza anaweza kuweka kidole kwenye mguu huo, akafuata mstari wa ardhi kwenda kushoto na kulia, na akaona mgongo mzima kama ulivyokuwa.