Jenereta ipo, kwa hiyo hamna shida? Hapana aisee

Huku Mtwara watu wanasema hospitali ikiwa na jenereta basi umeme ukatike usikatike hamna shida. Si kweli jamani. Hata ile inayojiwasha yenyewe inachukua sekunde kadhaa, na hapo kati mashine ya kupumulia inategemea betri yake, ila mashine ya oksijeni isiyo na betri inazima tu, ndo maana mtungi wa oksijeni lazima uwe jirani na mgonjwa. Halafu jenereta ikikaa miezi haijawashwa betri ya kustatia inakufa (na kuiwasha bila mzigo, yaani bila vifaa vinavyotumia umeme wake, sio kuijaribu). Dizeli je? Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar–Lindi maeneo ya Somanga, sasa kama tenki lako ni la siku moja lori la mafuta lingepita wapi?