Damu Chooni Si Bawasiri Kila Mara

Mtu wa Kondele, mtaa wa Kisumu, akiona damu chooni, hukimbilia duka la dawa na kutoka na vidonge vya amiba. Damu ikirudi, anaambiwa ni bawasiri, anauziwa dawa ya kupaka. Sina ugomvi na wauza dawa, ila damu hiyo yaweza kuwa ya saratani ya utumbo mpana, na miezi inapita bila yeyote kumpima kwa kidole. Kidole chenye glavu hufika sentimita 7 au 8 ndani ya njia ya haja kubwa, na uvimbe wa huko chini mara nyingi hukutwa hapo. Ni kazi ya dakika moja. Aibu ndiyo ndefu.

Damu ya bawasiri kwa kawaida ni nyekundu, hudondoka baada ya choo au hubaki kwenye karatasi. Ya saratani mara nyingi huchanganyika na kinyesi, pengine na kamasi. Choo kikibadilika kwa zaidi ya wiki 3, au ukitoka msalani ukihisi haja haijaisha, dai kupimwa hata kama bawasiri unazo. Mtu mmoja aweza kuwa na bawasiri na saratani pia.

Uvimbe wa upande wa kulia wa utumbo mpana ni mjanja zaidi: huvuja kidogo kidogo, jicho halioni kitu, mtu anachoka tu. Mwanamume, au mama aliyekoma hedhi, akiishiwa madini ya chuma, kumpa vidonge vya kuongeza damu bila kutafuta inakovujia ni kuteka maji kwa pakacha.

Kipimo chenyewe ni kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo, na huharibikia jikoni, kwa unachokula kabla yake. Vidonge vya chuma viache siku 7 kabla. Mapera, nyanya, nyoyo (mahindi na maharagwe) na mboga za majani, siku 3. Siku ya mwisho ni vinywaji vyepesi tu: chai ya rangi, supu iliyochujwa. Sharubati nyekundu hapana, hufanana na damu. Dawa ya kusafisha tumbo ikiwa ni ya lita 4, kunywa nusu jioni na nusu alfajiri, glasi moja kila dakika 15. Ukitoa maji ya manjano yanayopenya mwanga, uko tayari. Yakiwa ya kahawia yenye chembe, vinyama vidogo vinavyoota utumboni (polipu) vitafichika na utarudia yote.

Kinyama kikionekana hukatwa papo hapo mara nyingi. Kwa kawaida huchukua miaka kama 10 kugeuka saratani. Saratani yenyewe hupasuliwa, na ikiwa imefika kwenye tezi za limfu, dawa za kemo (za kuua seli za saratani) hufuata kwa miezi 3 hadi 6. Ya rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, mara nyingi huanzwa kwa mionzi. Mfuko wa kinyesi unaobandikwa tumboni baada ya upasuaji, unaoogopwa kuliko ugonjwa, kwa wengi huondolewa baadaye.