Kwa nini vumbi la zege bado lipo hata hewa ikionekana safi?

Fundi akishasaga sakafu ya zege kwa grinda hungoja wingu litulie, kisha huvua barakoa na kushika fagio. Vumbi si limeshuka? Limeshuka lile linaloonekana, na hilo ndilo lenye madhara madogo. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, zikatoka na kamasi na makohozi. Zinazofika hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu ni zile za mikromita 4 hivi kushuka chini. Unywele mmoja una unene wa kama 70.

Ingia kwenye mashine ya kusaga unga. Chenga huangukia palepale, lakini nyusi za msagaji na utando wa buibui darini ni vyeupe. Unga uliofika kule haukurushwa na mtu. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba hewa iliweza kuubeba. Zege nayo ni hivyo hivyo. Punje ya mikromita 100 ikiachiwa usawa wa pua hutua ndani ya sekunde chache. Ya mikromita 1 huchukua takribani saa 5, tena hewa ikiwa imetulia kabisa, na chumba cha namna hiyo hakipo kwenye saiti. Fagio likipita mara moja, saa zinaanza kuhesabiwa upya.

Mchanga wa zege una silika, madini magumu. Seli za ulinzi za mapafu huimeza, hushindwa kuiyeyusha, hufa, nayo humezwa na nyingine. Kinachobaki ni makovu: silikosisi, isiyo na tiba, na inayofungulia mlango kifua kikuu.

Kanuni za Marekani za mwaka 2016 zinaruhusu wastani wa mikrogramu 50 tu za silika laini hiyo kwa mita ya ujazo ya hewa katika zamu ya saa 8. Kwa chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari la mita 2.5, hiyo ni miligramu 2.5 zinazoelea chumba kizima!

Ndiyo maana vumbi hukamatwa pale pale kwenye diski, kwa kava lililounganishwa na mashine ya kunyonya yenye chujio la HEPA, linalonasa hata vumbi laini kabisa. Mashine ya kufyonzea mazulia nyumbani hutema lile laini kwa nyuma. Maji husaidia, ila grinda ya kawaida ya umeme haikutengenezwa kumwagiwa maji, na tope lisipozolewa likiwa bichi hukauka likawa vumbi tena. Barakoa ya N95, yaani inayochuja chembe laini, huongezwa juu ya hayo yote, na kwa mwenye ndevu huvuja pembeni.